Wengi wanaachwa kabla ya usaili: mchakato wa ajira unavyokwenda, kuanzia tangazo hadi barua ya kuripoti kazini

MWANZISHA UZI

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Ninafanya kazi ya rasilimali watu hapa Dodoma, na kwa nyakati tofauti nimekuwa mjumbe wa paneli za usaili. Vijana wanaonijia kutaka ushauri, wengi wao wahitimu wa vyuo vya hapa jijini, karibu wote huuliza jambo moja: katika mahojiano huulizwa nini, na hujibiwa vipi? Swali hilo lina haki yake, ila mimi huona limekuja kabla ya wakati, kwa kuwa waombaji wengi hawafiki kwenye mahojiano. Wanaachwa mwanzoni kabisa, nyaraka zinapopitiwa, na sababu yenyewe mara nyingi ilikuwa imeandikwa waziwazi kwenye tangazo ambalo hawakulisoma hadi mstari wa mwisho. Nimeanzisha uzi huu ili tuutazame mchakato wote kwa utaratibu wake, maana mtu akijua kila hatua inatafuta nini kwake, anajua pia ajiandae kwa lipi.

Nianze na utumishi wa umma, ambako ndiko macho ya wengi yalipo, hasa tangu Serikali ilipohamia kwetu na wizara kujengwa Mtumba.

Nafasi ya kazi serikalini haianzii kwenye tangazo. Mwajiri, iwe ni wizara, wakala au halmashauri, kwanza huiweka nafasi hiyo kwenye ikama (orodha ya watumishi wanaohitajika) na bajeti yake ya mwaka, kisha huomba kibali cha ajira kutoka Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Ndiyo maana unaweza kuikuta idara ina upungufu wa watumishi unaoonekana kwa macho na bado hakuna tangazo: kibali hakijatoka, au fedha za mishahara hazijatengwa. Kijana anayezunguka ofisi moja baada ya nyingine na bahasha ya barua za maombi anajichosha bure na nauli yake inapotea, kwa sababu afisa anayeipokea bahasha hana mamlaka ya kumwajiri mtu kwa barua hiyo.

Kibali kikipatikana, kazi ya kumtafuta mtu hupelekwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichoundwa kwa marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, na ambacho ofisi zake ziko hapa hapa, katika jengo la Asha-Rose Migiro, Chuo Kikuu cha Dodoma. Sekretarieti ndiyo inayotangaza, inayochuja, inayosaili na inayowapangia waliofaulu vituo vya kazi. Zipo nafasi, hasa za halmashauri kama madereva na watendaji wa vijiji, ambazo halmashauri yenyewe huweza kuziendesha baada ya kupewa kibali, lakini maombi yake nayo siku hizi hupitia Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti wa kuomba kazi mtandaoni. Walimu, ambao miaka ya nyuma walipangiwa vituo bila kusailiwa, sasa nao wanasailiwa.

Tuje kwenye tangazo, ambalo naomba tulikalie kidogo.

Tangazo huwa na majukumu ya kada, yaani ya aina ya kazi inayotangazwa, sifa za mwombaji, mshahara, kisha masharti ya jumla. Wengi husoma sifa tu, na wakishaona shahada yao imetajwa wanakimbilia kutuma. Hata hizo sifa hazisomwi kwa makini. Chukueni mfano wa Mhasibu Daraja la II na Afisa Hesabu Daraja la II. Kwa mtu wa kawaida hao ni watu wa kazi moja, lakini kada ya Mhasibu hudai shahada pamoja na CPA, cheti cha kitaaluma cha uhasibu, wakati Afisa Hesabu anaweza kuwa na shahada pasipo CPA. Mhitimu mpya wa uhasibu anayeomba nafasi ya kwanza na kuiacha ya pili amejiengua mwenyewe, hata kama alimaliza chuo akiwa wa kwanza darasani.

Masharti ya jumla ndiyo yanayowaangusha wengi zaidi. Humo ndimo linamokaa sharti la umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa aliyeko kazini serikalini. Humo ndimo inamosemwa kwamba mwombaji aambatishe cheti cha kuzaliwa, ataje wadhamini watatu wa kuaminika, na aweke vyeti vyenyewe vya kidato cha nne na cha sita kwa wale waliofika huko. Hati za matokeo hazikubaliwi, na matokeo ya muda ya chuo vilevile hayakubaliwi. Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa awe ameshahakikiwa vyeti vyake na mamlaka husika, yaani TCU kwa shahada za vyuo vikuu, NECTA kwa elimu ya sekondari na NACTVET kwa mafunzo ya ufundi na vyuo vya kati. Na kazi hiyo haimaliziki kwa siku moja, kwa hiyo haifai kuianza tangazo likiwa limeshatoka.

Kuna sharti moja dogo ambalo limewaponza vijana wengi ninaowafahamu: barua ya maombi iwe imesainiwa. Mtu anaandika barua nzuri kwenye simu, anaigeuza kuwa PDF, anachapa majina yake matatu chini ya maneno "wako mtiifu", kisha anaipakia bila sahihi yoyote. Anayechuja hatazami uzuri wa lugha yake. Anatazama kama masharti yametimizwa, na barua isiyo na sahihi haijatimiza. Ichapishe, isaini kwa kalamu, iskani, halafu uifungue mwenyewe uone kama inasomeka kabla ya kuituma.

Jambo jingine ni steshenari. Siwalaumu vijana wa steshenari, maana wanawasaidia wengi wasio na kompyuta wala kifurushi cha intaneti. Lakini akaunti ya Ajira Portal hufunguliwa kwa namba ya NIDA, na inabeba maisha yako yote ya kikazi. Ukiruhusu ifunguliwe kwa barua pepe ya mwenye duka na nywila anayoijua yeye peke yake, siku utakapotafuta namba yako ya usaili ukiwa Manyoni na steshenari yenyewe iko Makole, utahangaika. Fungua barua pepe yako mwenyewe, yenye majina yako halisi, na nywila uiandike mahali unapopajua.

Wapo wanaolalamika kwamba ukali huu wa vyeti umezidi. Naelewa uchungu wao, lakini tukumbuke ulikotoka. Tarehe 28 Aprili 2017, hapa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyoonyesha watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Hao walikuwa wamekalia nafasi za watu waliosoma kwa haki. Tangu hapo, hakuna mchujaji atakayekubali kubeba lawama kwa kupitisha karatasi yenye shaka.

Baada ya mchujo wa nyaraka hutoka tangazo la kuitwa kwenye usaili. Aliyeachwa afungue akaunti yake aone hali ya ombi lake na sababu iliyotajwa, kwa sababu kama sababu ni cheti kisichosomeka, ataachwa tena kwenye tangazo lijalo asipokirekebisha. Aliyeitwa naye asilisome tangazo hilo juu juu: anakili namba yake ya usaili, aone tarehe, saa na mahali, na atambue kwamba chakula, nauli na malazi ni juu yake mwenyewe. Kwa kuwa usaili wa mchujo, yaani mtihani wa awali, umekuwa ukifanyika katika mikoa mbalimbali, ni muhimu mkoa unaoishi uliouandika kwenye akaunti uwe ndio unaoishi kweli. Si jambo la busara aliye Singida apangwe Dar es Salaam kwa sababu tu aliwahi kuishi huko wakati wa chuo na hakubadilisha taarifa.

Siku yenyewe huanza na uhakiki kabla ya mtihani. Afisa anashika kitambulisho chako, anasoma jina, anafungua cheti cha kuzaliwa, kisha cha kidato cha nne, kisha cha chuo, na anayalinganisha majina herufi kwa herufi. Foleni huwa ndefu, jua la Dodoma mnalijua, na hapo ndipo utamwona kijana ameketi pembeni akipiga simu nyumbani watu watafute cheti alichoacha kabatini. Vyeti vinavyotakiwa ni halisi, nakala hazitoshi. Na kama kada yako inasimamiwa na bodi ya kitaaluma, njoo pia na cheti cha usajili na leseni hai.

Mtihani wa mchujo siku hizi kwa kada nyingi hufanywa kwenye kompyuta. Kuhusu hilo sina mengi: soma misingi ya taaluma yako upya, na kama hujazoea kompyuta, ukafanye mazoezi ya kuandika na kuchagua majibu muda ukihesabiwa. Kada za vitendo, kama udereva na uandishi wa ofisi, zina usaili wa vitendo pia.

Mahojiano yanahitaji maelezo zaidi, kwa sababu yana dhana potofu nyingi. Wengi huamini kwamba paneli inatafuta mtu anayevutia kwa suti na Kiingereza cha kukimbia. Katika paneli inayoendeshwa kwa haki, maswali huandaliwa mapema pamoja na mambo yanayotarajiwa katika kila jibu, kila msailiwa wa kada hiyo huulizwa maswali yale yale, na kila mjumbe hujaza alama kwenye fomu yake kabla alama hazijajumlishwa na kutafutiwa wastani. Kwa hiyo mjumbe anakusikiliza kalamu ikiwa mkononi, akitafuta hoja za kuziwekea alama. Mtu anayezungumza dakika tano bila hoja anampa mjumbe kazi ngumu ya kutafuta mahali pa kuandika.

Nitoe mfano mmoja wa swali ninaloliona ni zuri kwa kada ya Afisa Maendeleo ya Jamii: kikundi cha wanawake, tuseme huko Mvumi, kimepata mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri na kimeacha kurejesha, utafanya nini? Msailiwa mmoja ataanza kueleza umuhimu wa mwanamke katika jamii, na ataumaliza muda wake humo. Mwingine atasema atapitia kwanza mkataba na kumbukumbu za marejesho, atakitembelea kikundi na kusikiliza kama shida ni ya biashara, ya mgogoro wa viongozi au ya ukame ulioua mazao, atapendekeza marekebisho ya ratiba kwa maandishi kupitia kamati husika, na atamjulisha mtendaji wa kata. Tena atakuwa anajua kwamba asilimia hiyo 10 imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Huyu wa pili amempa kila mjumbe hoja tano au sita za kuandika, hata kama sauti yake ilitetemeka na shati lake ni la kuazima.

Kwa hiyo chukua majukumu ya kada yaliyoandikwa kwenye tangazo, moja baada ya jingine, na ujiulize kwa kila moja: nikipewa kazi hii kesho asubuhi, nitaanza na nini? Ndiyo maandalizi yanayozaa alama.

Waliofaulu hupangiwa vituo kwa kuzingatia nafasi zilizopo, na majina hutoka katika tangazo la kuitwa kazini. Waliofaulu wakakosa nafasi huhifadhiwa kwenye kanzidata na wanaweza kupangiwa kituo nafasi ikipatikana, bila kusailiwa upya, mradi muda uliowekwa haujapita. Hivyo usibadilishe namba ya simu kiholela, na usiache kufungua akaunti yako. Barua ya kupangiwa kituo ina muda wa kuripoti. Ukiupitisha, nafasi anapewa mwingine. Ukisharipoti, vyeti vyako halisi vinakaguliwa tena na mwajiri, na unaanza miezi 12 ya majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini.

Sekta binafsi na mashirika hayana utaratibu mmoja, kwa hiyo nitapita haraka. Huko CV ndiyo inayosomwa kwanza, na anayeisoma ana nyingine nyingi mbele yake. Kurasa mbili zinazoonyesha ulifanya nini na matokeo yake yalikuwa yapi zinatosha. Wadhamini hupigiwa simu kweli, basi waombe ruhusa kabla ya kuwaandika, na uwaambie ni kazi gani umeomba. Na niseme jambo hili kwa waajiri wenzangu: kumuuliza binti kwenye usaili ataolewa lini au kama ana mpango wa kuzaa ni jambo la aibu, na linaelekea moja kwa moja kwenye ubaguzi uliokatazwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, sheria ambayo katika suala la ubaguzi inamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Vilevile, aliyesafiri kutoka Kondoa kuja kusailiwa anastahili kujibiwa, hata kama jibu ni hapana. Ujumbe mfupi wa simu unatosha.

Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI, SINGIDA

Shikamoo kaka, na ahsante sana kwa elimu hii. Mimi cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, lakini cha kidato cha nne na vyeti vyote vya chuo vina mawili, jina la babu halimo. Kwenye NIDA nimeandikwa matatu. Je, nitazuiwa mlangoni? Na wakili mmoja ameniambia kiapo kinatosha, ilhali rafiki yangu anasema hakitoshi.

MWANZISHA UZI

Marahaba, mdogo wangu. Soma kwanza sharti la tangazo ulilonalo, kwa sababu matangazo ya kuitwa kwenye usaili hueleza wazi kwamba mwenye majina yanayotofautiana aje na hati inayothibitisha kuwa majina yote ni ya mtu mmoja. Tangazo likitaka hati iliyosajiliwa ya majina, kiapo cha wakili pekee hakitakuvusha, na hapo rafiki yako atakuwa amesema kweli. Ushauri wangu ni kwamba usisubiri kuitwa. Mwone wakili sasa, mweleze kuwa unaitaka kwa ajili ya ajira serikalini, akuandalie hati na aisajili kwa Msajili wa Hati, kisha uipakie kwenye akaunti yako pamoja na vyeti vingine. Tena hakikisha hati hiyo inataja majina kama yalivyoandikwa kwenye kila cheti, pamoja na tofauti za herufi, maana nimeona hati ikirekebisha jina la babu na kuacha herufi iliyokosewa kwenye jina la baba.

MCHANGIAJI, NKUHUNGU

Mkuu, nimesoma yote kwa heshima, lakini naomba niseme lililo moyoni. Unazungumza kana kwamba karatasi zikikamilika mtu anapata kazi. Mimi nina karatasi zote, nimesailiwa zaidi ya mara moja, na ninaona wanaopata ni wenye koneksheni. Mtoto wa mkulima wa mtama kutoka Bahi atashindana vipi na mwenye mjomba ofisini?

MWANZISHA UZI

Mkuu, uchungu wako nauheshimu na sitakuambia kwamba upendeleo haupo. Upo, na katika ajira ndogo za mikataba mifupi na za sekta binafsi upo zaidi, kwa sababu hapo hakuna mtihani wa wazi wala orodha inayobandikwa hadharani. Ninachokiamini ni kwamba kadiri hatua zinavyokuwa na maandishi na alama, ndivyo mjomba anavyokosa mahali pa kuingilia. Mtihani wa kompyuta haumjui mtoto wa nani. Hilo halimalizi tatizo, lakini ni sababu ya kuutetea utaratibu na kudai uwe mkali zaidi, hata pale unapotuumiza sisi wenyewe kwa sharti la sahihi.

Tutofautishe pia mambo mawili. Mtu kukujulisha kwamba nafasi imetangazwa, au bosi wako wa zamani kukusemea ukweli kwa simu, ni msaada halali na kila mmoja wetu anauhitaji. Mtu kudai fedha au kukutaka kimwili ili akupitishe ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inataja wazi anayetumia mamlaka yake kudai ngono kama sharti la kutoa ajira. TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113.

AFISA UTUMISHI MSTAAFU

Niongeze kidogo kwa ndugu yetu wa Nkuhungu, kwa kuwa nimefanya kazi hii halmashauri kwa miaka mingi. Kitu kinachowaua vijana wengi wenye alama nzuri za mtihani ni kushindwa kueleza kazi ya mahali husika. Unamsaili Afisa Kilimo kwa ajili ya wilaya ya huku kwetu, unamuuliza atamshauri nini mkulima mwenye ekari tatu katika eneo lenye mvua chache, naye anakueleza kilimo cha mpunga kama alivyosoma kwenye daftari. Hajataja mtama, uwele, alizeti, wala kuvuna maji ya mvua. Alama zinaondoka hapo, na akitoka nje anasema aliyepita ana mjomba. Mwenye malalamiko ya kweli ayaandike, ataje tarehe, kada na namba yake ya usaili, ayapeleke Sekretarieti kwa maandishi. Lalamiko lenye vitu hivyo lina mahali pa kuanzia kufanyiwa kazi, tofauti na la kusimuliana kijiweni.

MZAZI, KONGWA

Habari zenu wanangu. Kijana wangu amepigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa ni afisa wa ajira, anamtajia hadi jina la chuo alichosoma, anasema jina lake limeshapita na atume shilingi 150,000 za "fomu na vipimo" kabla ya saa kumi jioni. Nimeuza magunia mawili ya mahindi ili nipate fedha hiyo. Je, nitume?

MWANZISHA UZI

Shikamoo mzee wangu. Usitume hata shilingi moja. Kuomba kazi serikalini hakuna malipo katika hatua yoyote, wala hakuna afisa anayempigia mwombaji simu kumpa muda wa kulipa. Majina hutangazwa hadharani na barua huonekana kwenye akaunti ya mwombaji mwenyewe. Kutaja jina la chuo si ushahidi wowote, kwa kuwa vijana wetu huweka taarifa zao kwenye makundi ya WhatsApp na kuacha nakala za CV kila mahali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana wanaozikusanya na kuzitumia ovyo, lakini kinga ya kwanza ni kijana kutotuma picha ya kitambulisho chake kwa kila anayejiita mwajiri.

Hifadhini namba hiyo na ujumbe wowote aliotuma, ripotini polisi, na utumeni ujumbe huo kwenda 15040, namba inayopokea taarifa za matapeli wa simu. Hata wakala binafsi wa ajira, ambaye kisheria lazima awe amesajiliwa, haruhusiwi na kanuni za mwaka 2014 kumtoza anayetafuta kazi. Gharama ni za mwajiri. Kijana akitaka kuunganishwa na waajiri, aende kwenye ofisi ya Serikali ya huduma za ajira. Magunia yako mawili, mzee wangu, yabaki kuwa nauli yake siku atakapoitwa kweli.

MCHANGIAJI, MIYUJI

Mimi natumia kiti mwendo. Naogopa kuandika ulemavu wangu kwenye maombi kwa kuhofia kuachwa. Mnanishauri nini?

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu, kwenye Ajira Portal andika. Matangazo ya Sekretarieti huwahamasisha watu wenye ulemavu kuomba na kueleza ulemavu wao, ili usaili uandaliwe kwa kuuzingatia. Ukinyamaza, unaweza kupangiwa chumba cha ghorofani kisicho na lifti na ukafika umechelewa kwa sababu isiyo yako. Ukishaitwa, wasiliana nao mapema uulize mlango na ghorofa. Kwa mwajiri binafsi, ujue kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Wengi hawaitekelezi, na ninawaudhi wenzangu kwa kulisema hili kila tunapokutana, lakini ni sheria, na unaweza kuitaja kwa adabu kwenye barua yako.

MCHANGIAJI, AREA C

Kaka, mimi nimepata kazi kwenye kampuni binafsi hapa mjini, niliambiwa nianze "kwa majaribio" na barua itafuata. Hadi leo barua haijaja, nalipwa mkononi, na nikiuliza naambiwa nivumilie. Je, nimeajiriwa au sijaajiriwa?

MWANZISHA UZI

Dada, umeajiriwa. Kazi unaifanya, unaelekezwa, unalipwa. Sheria ya mwaka 2004 niliyoitaja inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi unapoanza: cheo, mahali pa kazi, saa, mshahara, aina ya mkataba na mengineyo. Majaribio yanaruhusiwa, lakini kwa jumla hayapaswi kuzidi miezi 12, na hayamwondolei mwajiri wajibu wa kuandika. Tena kifungu cha 15 kinasema kwamba mgogoro ukifika kwenye vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au maelezo hayo, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi.

Anza kwa upole na kwa maandishi. Mwandikie meneja barua fupi au barua pepe, umkumbushe tarehe uliyoanza, cheo ulichoambiwa na mshahara mliokubaliana, na uombe barua yako. Hata asipojibu, umeshaweka kumbukumbu. Tunza ujumbe wa simu wanaokupangia zamu, na kila unapolipwa mkononi uandike tarehe na kiasi, au bora uombe walipe kwa simu au benki. Ikishindikana kabisa, nenda ofisi ya kazi ya mkoa, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na usikawie: lalamiko la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Fomu inayojazwa ni CMA Na. 1, na kabla ya kuiwasilisha unatakiwa umkabidhi mwajiri nakala na ubaki na uthibitisho kwamba ameipokea.